Kaliba ya Kwanza ya Mwindaji Chipukizi: .243, 6.5 Creedmoor, 7mm-08 au .308 kwa Kulungu na Elki wa Colorado?

Mtoto anayetimiza miaka 12 katika jimbo la Colorado, Marekani, anaweza kupata leseni ya kuwinda wanyama wakubwa, mradi awe amefaulu kozi ya usalama wa uwindaji, na mpaka atakapotimiza miaka 16 sharti aandamane na mtu mzima aliye karibu naye kiasi cha kuonana na kusikizana. Kwa mzazi aliyekulia mahali ambapo bunduki ilikuwa ya askari wa wanyamapori, au ya mzee mmoja kijijini mwenye gobore lake, ruhusa hiyo inazua swali ambalo ni nadra kumpata mtu wa kumuuliza kwa Kiswahili: mtoto atumie bunduki ya kaliba gani, yaani ya risasi yenye upana na ukubwa gani? Nimelipitia swali hili na binti yangu, aliyeanza akiwa na miaka 12 na uzito wa kilo 40. Nimeyaandika haya ili mzazi mwingine azipime kaliba zenyewe kabla hajafika dukani, kwa kuwa mteja asiyejua anachokitaka huondoka na kile kilichobaki rafuni.

Tuelewane kwanza kuhusu wanyama wenyewe. Tanzania mtu akitaja uwindaji wa wanyama wakubwa, mawazo huenda kwa mbogo, simba na tembo, na mazungumzo ya bunduki huanzia kwenye .375 Holland & Holland, kaliba ya mwaka 1912 ambayo mtoto wa Colorado hana haja nayo hata kidogo. Huku neno hilo linamhusu pronghoni, mnyama wa nyikani anayekaribia kilo 50 na ambaye kwa umbo si mbali na swala pala. Linamhusu pia kulungu wa masikio marefu, ambaye dume lake lililokomaa huwa kati ya kilo 70 na 115. Na zaidi ya wote linamhusu elki, jamaa mkubwa wa kulungu huyo, ambaye jike lake hufika kilo 225 na dume kilo 320 au zaidi, yaani mzito kuliko tandala mkubwa ingawa hamfikii pofu dume. Ninatumia jina la kulungu kwa kufuata mazoea ya wanaoishi huku, nikijua kwamba nyumbani jina hilo ni la mnyama mwingine wa vichakani. Elki ndiye anayelifanya swali la kaliba kuwa gumu. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na mtoto anayeanza na kulungu mwaka huu ataomba leseni ya elki jike mwaka ujao au unaofuata, akiwa bado na bunduki ileile.

Sheria ya jimbo imeweka kiwango cha chini ambacho hakuna mjadala juu yake. Kaliba isipungue .24 ya inchi, yaani takriban milimita 6. Kichwa cha risasi, yaani ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni, kiwe cha aina inayotanuka kinapoingia mwilini, kisiwe chini ya greni 70 kwa kulungu, pronghoni na dubu mweusi, wala chini ya greni 85 kwa elki. Na kikiwa yadi 100 mbali, yaani mita 91, kiwe bado na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,000, ambazo ni sawa na juli 1,356. (Greni ni kipimo kinachoandikwa kwenye kila boksi la risasi, na greni 100 ni gramu 6.5.) Kwa sababu hiyo .223 Remington, ambayo ni pole sana begani na ambayo wazazi wengi huitamani kwa ajili ya watoto, inatoka katika hesabu mapema.

Baada ya sheria linakuja teke la bunduki, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma begani, na hapa naomba mzazi atulie, maana ndipo makosa mengi yanapofanyika. Maumivu ya bega si tatizo kubwa, kwa kuwa bega hupona kesho yake. Tatizo ni fundisho linalobaki kichwani. Mtoto aliyepigwa teke kali mara tatu au nne huanza, bila kujijua, kufumba macho na kuusukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka, na uwanjani kosa hilo hutoboa karatasi pembeni tu, lakini mlimani humtoboa elki tumbo au kumvunja mguu, naye hukimbilia msituni na kufa mahali ambapo hakuna atakayemwona. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Jirani alikubali tuijaribu .30-06 yake kwenye uwanja wa shabaha. Ilikuwa bunduki nyepesi yenye kitako kirefu kupita mikono ya mtoto, na kwa kuwa binti yangu hakulalamika nilidhani mambo ni mazuri. Kwa risasi ya tano nilimwekea risasi bandia bila kumwambia. Alipobonyeza kifyatulio hapakuwa na mlio, lakini mtutu ulizama kama kichwa cha mtu anayesinzia. Ilituchukua miezi mitatu ya mazoezi na bunduki ndogo ya .22 kuuondoa woga ule, na ninaamini kwamba kama tungeanza na kaliba inayomfaa miezi hiyo isingehitajika.

Teke linaweza kuhesabiwa. Linaongezeka kadiri kichwa cha risasi kinavyokuwa kizito, kadiri kinavyokwenda kasi na kadiri baruti inavyokuwa nyingi, na linapungua kadiri bunduki yenyewe inavyokuwa nzito. Jedwali hili linazilinganisha kaliba sita ambazo mzazi atazikuta madukani, kila moja ikiwa na risasi ya kawaida ya kiwandani. Safu ya mwisho nimeikokotoa kwa bunduki ya kilo 3.4 pamoja na darubini yake, na tarakimu zichukuliwe kuwa za kukadiria, kwa sababu urefu wa mtutu na aina ya risasi huzisogeza kidogo.

| Kaliba | Mwaka ilipotoka | Kichwa (greni) | Kasi mwanzoni (mita kwa sekunde) | Nguvu ikiwa mita 183 (juli) | Teke (juli) |
|---|---|---|---|---|---|
| .243 Winchester | 1955 | 100 | 902 | 1,800 | 14 |
| 6.5 Creedmoor | 2007 | 143 | 823 | 2,500 | 20 |
| 7mm-08 Remington | 1980 | 140 | 872 | 2,450 | 21 |
| .308 Winchester | 1952 | 150 | 860 | 2,300 | 23 |
| .270 Winchester | 1925 | 130 | 933 | 2,450 | 25 |
| .30-06 Springfield | 1906 | 180 | 823 | 2,750 | 32 |

Tazama umbali uliopo kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho: .30-06 inampiga mtoto teke lenye nguvu zaidi ya mara mbili ya lile la .243. Tazama pia jinsi kaliba tatu za katikati zilivyokaribiana. Anayesema kwamba 6.5 Creedmoor haina teke kabisa anatia chumvi, na anayesema .308 itamvunja mtoto bega naye anatia chumvi.

.243 Winchester

Hii ndiyo kaliba ambayo wauzaji wengi huitaja mara tu wanaposikia neno "mtoto", na wana sababu. Ilitengenezwa kwa kubana shingo ya ganda la .308, yaani kikopo kinachobeba baruti, ili libebe kichwa cha milimita 6, na matokeo yake ni risasi iendayo kasi, inayonyooka vizuri kwa umbali ambao mtoto anapaswa kupiga, na yenye teke ambalo mtoto wa kilo 40 analizoea kwa siku moja au mbili. Risasi zake zinapatikana hata katika maduka madogo ya miji ya milimani, jambo ambalo lina uzito mkubwa siku ile mnapogundua kwamba boksi limesahaulika nyumbani. Kwa pronghoni na kulungu sina la kuipunguzia: kichwa cha greni 95 au 100, kikipita nyuma kidogo ya bega na kuingia mapafuni, humwangusha kulungu ndani ya hatua chache.

Kwa elki hali inabadilika. Sheria inairuhusu, na wapo watu wanaoua elki kwa .243 kila mwaka, lakini sheria inaweka kiwango cha chini tu na haimwambii mtoto afanye nini pale elki jike anapogeuka nusu na kuacha bega lielekee upande wake. Mfupa wa bega la elki ni mnene, misuli iliyoufunika ni mizito, na kichwa cha greni 100 kinachotanuka haraka kinaweza kuishia hapo badala ya kuendelea hadi mapafuni. Wawindaji wengi wa huku hupenda risasi ya elki iwe na futi-pauni 1,500 inapomfikia mnyama, sawa na juli 2,034, na ingawa hiyo ni desturi tu isiyo na nguvu ya sheria, .243 inashuka chini yake ikiwa mita 130 hivi kutoka mdomo wa mtutu. Mwindaji mzoefu anajua kusubiri mpaka elki asimame ubavu wazi, na asipopata nafasi hiyo hurudi nyumbani mikono mitupu. Kumtaka mtoto wa miaka 12, ambaye moyo unamdunda na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, awe na uvumilivu huohuo ni kumtwika mzigo ambao baba yake mwenyewe huenda asiuweze.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa watu kwenye kaliba hii. Vichwa vya shaba tupu, visivyo na risasi ya madini ya plumbi ndani, huingia ndani zaidi kuliko vya kawaida na ndivyo ningevipendekeza kwa yeyote atakayempeleka mtoto kwa elki na .243. Lakini baadhi ya vichwa hivyo ni vya greni 80, uzito unaoruhusiwa kwa kulungu na usioruhusiwa kwa elki. Kasha la greni 80 na kasha la greni 85 hufanana sana. Soma namba iliyoandikwa ubavuni kabla ya kulipa.

6.5 Creedmoor na 7mm-08 Remington

Hizi mbili ndizo zinazostahili kupimwa bega kwa bega, kwa sababu mtoto anayewinda kulungu na elki pamoja atahudumiwa vizuri na yoyote kati yake. Tofauti ya teke ni juli moja hivi, ambayo mtoto hawezi kuihisi. Nguvu ikiwa mita 183 nayo ni sawa kwa vitendo. Kinachozitenganisha ni umbo la kichwa, aina za risasi zinazouzwa, na upatikanaji wake.

6.5 Creedmoor ilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha za mbali, na kichwa chake ni kirefu na chembamba. Kichwa cha namna hiyo hakipunguzi kasi upesi hewani, upepo haukisukumi sana, na kikiingia mwilini hupenya kwa kina kuliko kichwa cha uzito huohuo kilicho kinene. Umaarufu wake umeenea kiasi kwamba karibu kila kampuni ya bunduki huitengenezea modeli ya vijana, na risasi zake zimejaa madukani. Ninayo hofu moja tu, nayo inahusu watu wanaoishika zaidi kuliko kaliba yenyewe: sifa ya kupiga mbali humfanya kijana, na wakati mwingine baba yake, kuamini kwamba mita 400 ni umbali wa kawaida. Mwaka wa kwanza mita 400 hazimhusu mtoto. Risasi nyingi zinazouzwa kwa kaliba hii, tena, ni za mashindano, zenye vichwa vilivyokusudiwa kutoboa karatasi. Hazitanuki inavyotakiwa na hazifai kwa mnyama. Kwenye kasha litafutwe neno la uwindaji, lisitazamwe jina la kaliba peke yake.

7mm-08 imetokana na ganda lilelile la .308, safari hii likibanwa kubeba kichwa cha milimita 7. Kwa vitendo ni dada mdogo wa kaliba ya zamani ya Kijerumani, 7×57, na hapo historia yetu ya Afrika Mashariki inaingia bila kulazimishwa: Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, na wengi wao aliwaua kwa 7×57. Simtaji ili mtu aige aliyoyafanya. Bell aliijua mifupa ya fuvu la tembo kama fundi seremala anavyojua mbao zake, alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, na tembo waliopotea kwa biashara ile ya pembe ni hasara ambayo nchi zetu zinaihisi hadi leo. Ninamtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha waziwazi kwamba kichwa cha milimita 7 chenye teke la wastani, kikiwekwa mahali pake, hufanya kazi ambayo watu hudhani inahitaji mzinga.

Kwa elki jike, 7mm-08 yenye kichwa imara cha greni 140 inampa mtoto nafasi ya kukosea kidogo ambayo .243 haimpi. Kwa kulungu inaweza kutumiwa na risasi za greni 120, ambazo teke lake linasogea kuelekea lile la .243, kwa hiyo mtoto anaweza kuanza na hizo akiwa na miaka 12 na kupanda hadi greni 140 anapofika 14 bila kubadilisha bunduki. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyoniegemeza upande wake. Kasoro yake ni ya dukani: katika mji mdogo, jioni ya siku ya kuamkia msimu, 6.5 Creedmoor itakuwepo na 7mm-08 huenda isiwepo. Mzazi anayeichagua anunue makasha manne au matano ya aina moja mwezi Julai, ayahifadhi, na tatizo litakuwa limekwisha.

Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya hizi mbili kwa ajili ya mtoto mdogo mwenye elki katika mipango yake, ninachagua 7mm-08 bila kusita sana. Kwa kijana wa miaka 15 aliyezoea uwanja wa shabaha, anayependa kujizoeza na kununua risasi zake kwa fedha ya kazi za likizo, ningemwacha achukue 6.5 Creedmoor.

.308 Winchester, na kaliba ambazo baba anazo tayari

.308 inastahili kuzingatiwa kwa sababu moja kuu, nayo ni kwamba mara nyingi ipo tayari kabatini. Risasi zake ni nyingi, zinauzwa kila mahali, na kwa elki hakuna anayeitilia shaka akitumia kichwa cha greni 150 hadi 165 kilichotengenezwa vizuri. Teke lake likilinganishwa na la 7mm-08 si kubwa kwa kutisha. Ikiwa familia haina fedha ya bunduki ya pili, suluhisho halali na la heshima ni kutafuta risasi za teke dogo, ambazo viwanda huzitengeneza kwa .308 na .30-06 kwa vichwa vya greni 125 hivi vinavyotoka kwa kasi ya karibu mita 810 kwa sekunde. Kwa hesabu yangu, .30-06 yenye risasi hiyo inashuka kutoka juli 32 za teke hadi 15 hivi, yaani inakuwa jirani wa .243. Risasi hizo zinatosha kulungu ndani ya mita 150. Kwa elki nisingezitegemea, kwa kuwa kichwa chepesi na kinene hivyo hupenya kidogo. Darubini ni lazima irekebishwe upya kila mnapohama kutoka risasi moja kwenda nyingine, kwa sababu hazigongi mahali pamoja.

.270 Winchester ni kaliba nzuri sana ambayo imekuja mapema mno kwa mtoto; akifika miaka 16 atafurahi nayo. .30-06 yenye risasi kamili nimekwisha kueleza ilichotufanyia. Kuhusu .300 Winchester Magnum na ndugu zake, ambazo kwa bunduki ya uzito uleule teke linapita juli 40, sioni hoja yoyote ya kumpa mtoto, na yeyote anayemwambia mzazi kwamba elki hafi bila magnamu anampotosha.

Tahadhari kwa nyumba yenye bunduki zaidi ya moja: .243, 7mm-08 na .308 zina ganda la aina moja lililobanwa shingo tofauti, na kwa mwanga hafifu wa alfajiri mtu anaweza kuchanganya mfukoni. Mnapotoka kuwinda, chukueni risasi za kaliba moja tu.

Bunduki yenyewe inaweza kuharibu chaguo zuri

Hapa kuna jambo ambalo matangazo ya biashara hayalisemi. Bunduki za vijana hutengenezwa kuwa fupi na nyepesi, nyingine zikiwa na kilo 2.7 tu, ili mtoto aweze kuzibeba mlimani. Lakini wepesi huo unalipiwa begani. 7mm-08 ambayo kwa kilo 3.4 ina teke la juli 21, kwa kilo 2.7 ina juli 26, yaani inapiga kuliko .308 iliyo nzito. Mzazi aliyechagua kaliba kwa uangalifu na kisha akanunua bunduki nyepesi kuliko zote amerudi alikotoka. Ushauri wangu ni kilo 3.2 hadi 3.5 pamoja na darubini, na mzazi aibebe yeye mnapopanda mlima. Mtoto ataipokea mnapokaa kusubiri.

Urefu wa kitako una maana kuliko watu wanavyodhani. Kiwiko kikiwa kimekunjwa na kitako kimekaa ndani ya kiwiko, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio bila kunyooshwa. Kitako kikiwa kirefu, mtoto hukihamishia nje kwenye mkono badala ya kukiweka kwenye nyama ya bega, anajipinda nyuma ili kuusawazisha uzito, na teke linamkuta hana mizizi. Modeli nyingi za vijana siku hizi zina vipande vya kuongeza kwenye kitako kadiri mtoto anavyokua, na kwa hizo bunduki ya miaka 12 itamfaa hadi utu uzima. Pedi laini ya mpira kitakoni ni kitu cha lazima. Darubini iachwe nafasi ya sentimita 9 au zaidi mbele ya jicho, maana mtoto akichanika nyusi mara moja hatasahau.

Breki inayofungwa mdomoni mwa mtutu hupunguza teke kwa kiasi kikubwa, na kwa karatasi inaonekana kuwa jibu la kila kitu. Siipendekezi kwa mtoto. Inaurudisha mlio nyuma na pembeni kwa ukali ambao ni hatari kwa masikio ya mtoto na ya mzazi aliyeketi ubavuni mwake, na sehemu kubwa ya kushtuka kwa mtoto inatokana na mlio kuliko teke. Uwanjani avae vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili kwa pamoja; binti yangu alipoanza kuvivaa hivyo, nusu ya woga uliobaki uliondoka siku hiyohiyo.

Uchaguzi kwa hali yenyewe ya familia

Mtoto atakayewinda kulungu na pronghoni pekee kwa miaka mitatu ijayo, na hasa akiwa na mwili mdogo, apewe .243 na mzazi asione haya. Atakayekwenda kwa elki ndani ya miaka hiyo apewe 7mm-08, au 6.5 Creedmoor ikiwa ndiyo inayopatikana alipo, katika bunduki isiyo nyepesi kupita kiasi. Mwenye .308 nzuri nyumbani na asiye na fedha ya ziada aitumie hiyohiyo, aanze na risasi za teke dogo kwa kulungu, na elki amsubiri mtoto mpaka azoee risasi kamili.

Mambo mawili ya kisheria yaangaliwe mapema. Tangu Julai 2021 sheria ya Colorado inamtaka mwenye bunduki aifungie mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia bila ruhusa, kwa hiyo bei ya kabati la chuma au kufuli ya kifyatulio ihesabiwe pamoja na bei ya bunduki. Na mzazi anayeishi Marekani kwa viza ya muda asidhani kwamba masharti yanayomhusu jirani yake raia ndiyo yanayomhusu yeye. Sheria ya shirikisho inawawekea watu wa viza za namna hiyo vizuizi vyao kuhusu kushika bunduki, pamoja na misamaha yake, na inafaa kumwona mwanasheria kabla ya kugusa kitu.

Kaliba ikishachaguliwa, umbali wa mtoto haupatikani kwenye jedwali. Chukua sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20, ambayo inakaribia ukubwa wa sehemu ya mapafu na moyo wa kulungu, na mtoto aipige akiwa ameketi chini kama atakavyoketi mlimani, mgongo ukiegemea mkoba au bunduki ikikaa kwenye vijiti, wala si mezani. Aanze mita 50. Akiweka risasi tano mfululizo ndani ya sahani, asogee hadi mita 75, kisha 100, na kadhalika, bila kupiga zaidi ya risasi kumi na tano kwa siku, na kati yake ukimchanganyia risasi bandia ili uone kama mtutu unatulia. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tano zimeingia ndio mpaka wake wa msimu huo. Kwa binti yangu, akiwa na 7mm-08 na miaka 13, mpaka ulikuwa mita 125. Mwezi Oktoba tulimwona elki jike akiwa mita 200 hivi, ubavu wazi, jua likiwa nyuma yetu, naye akaishusha bunduki mwenyewe kabla sijasema neno.